TUMEMWOMBEA MGONJWA, LAKINI NANI AMETEMBEA NAYE?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Somo la leo ni refu. Ukichoka liweke, uje ulimalizie baada ya Isha. Nazungumzia wagonjwa wa saratani na watu wawili wanaomhudumia mgonjwa huyo: shehe anayemsomea, na nesi anayemshika mkono kutoka dirisha moja la hospitali hadi jingine. Wa kwanza tunamjua na tunamheshimu. Wa pili, wengi wetu hata kazi yake hatuijui. Mimi pia sikuijua, na kutoijua kwangu kulimgharimu mtu. Basi nianze na kosa langu mwenyewe.

KISA

Miaka kadhaa nyuma, baada ya swala ya Alasiri, alinijia mzee mmoja wa msikiti wetu pamoja na mkewe. Yule mama alikuwa mwalimu wa madrasa, watoto wengi wa mtaa ule wamejua alifu kutoka kwake. Mzee akasema, "Shehe, mama ana uvimbe kwenye titi. Hauumi, lakini unamtia wasiwasi. Tunaomba umsomee."

Nikamsomea kwa adabu zake, mumewe akiwepo. Nikampa maji, nikamwelekeza habasoda na asali. Wakaondoka wametulia. Wakarudi mara ya pili, wakarudi mara ya tatu. Kila wakija mzee anasema, "Alhamdulillah Shehe, hauumi."

Ndugu zangu, saratani nyingi za titi mwanzoni haziumi, na hatari yake iko hapo hapo. Mimi sikujua hilo. Lakini kosa langu halikuwa kutojua. Kosa langu ni kwamba kwa miezi mitano sikuuliza swali moja dogo: "Mmeshakwenda hospitali?"

Mwishowe walikwenda, baada ya binti yao kuwalazimisha. Huko wakakutana na mtihani mwingine. Mama alichukuliwa kinyama kwa ajili ya vipimo, wakaambiwa majibu yakitoka watapigiwa simu. Namba iliyoandikwa kwenye faili ilikuwa ya kijana wao, na kijana akapoteza laini. Simu haikuwafikia. Wakasema kama tunavyosema wengi wetu: kungekuwa na jambo baya wangetuita. Ule ukimya wakaufanya ndiyo majibu. Kumbe karatasi ipo ndani ya faili, wiki baada ya wiki, na imeandikwa jina la ugonjwa.

Hospitali sitaitaja na sisemi haya ili kumlaumu mtu. Wahudumu walikuwa wachache na foleni ilikuwa ndefu.

Aliyeuvunja ule ukimya alikuwa nesi. Alikuwa amehamishiwa pale siku si nyingi, akawa anapitia mafaili ya wagonjwa ambao hawakurudi. Akakuta la yule mama. Akapiga namba, haipatikani. Akasoma mtaa ulioandikwa, akatafuta mpaka akampata mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mwenyekiti akaja msikitini kumuulizia mzee. Hakuna sheria iliyomlazimisha kufanya hivyo. Vocha ilikuwa ya mfukoni mwake.

Walipofika aliwakalisha. Hakuanza na habari za dawa. Alichukua karatasi akawachorea safari yao: leo damu, Alhamisi picha ya kifua na ultrasaundi ya tumbo, Jumatatu kikao cha madaktari, halafu dripu zinaanza, kisha upasuaji, kisha mionzi. Akachukua namba tatu za simu badala ya moja: ya mzee, ya binti na ya jirani. Akauliza nauli inatoka wapi. Aliposikia kwamba mzee anashona viatu, akawapeleka mwenyewe ofisi ya ustawi wa jamii. Na binti akamfundisha jambo moja akalirudia mara tatu: mama akipata homa katika siku za dripu, msisubiri asubuhi.

Nilipokwenda kumjulia hali mgonjwa, yule nesi aliniomba tuzungumze pembeni. Akasema, "Shehe, naomba nikuulize kwa heshima. Kabla ya kumsomea, ulimuuliza kama amekwenda hospitali?"

Wallahi sikuwa na jibu.

Akasema, "Basi wakija wengine, wasomee, halafu walete huku. Mimi nitawapokea."

Mama yule aliishi karibu miaka miwili baada ya hapo. Alifariki nyumbani kwake, maumivu yakiwa yamedhibitiwa, madeni yake yakiwa yamelipwa na wasia wake umeandikwa. Allah amrehemu na alifanye kaburi lake bustani katika mabustani ya Peponi. Umri uko mikononi mwa Allah na siwezi kusema angepona kama angewahi. Ninachokijua ni kwamba uvimbe alioniletea ulikuwa kama kunazi, na alipofika kwa madaktari wa saratani ulikuwa kama chungwa. Katika milango aliyoipitia na kuondoka nayo mikono mitupu, mmoja ulikuwa wangu.

NESI HUYU ANAFANYA NINI HASA?

Kwa wenzetu waliotangulia katika jambo hili, kazi ya yule nesi ina jina lake, mafunzo yake na mshahara wake. Mimi namwita nesi mwongozaji. Yeye hayuko wodini kutoa sindano. Kazi yake ni kumchukua mgonjwa tangu siku anapoambiwa ana saratani, au hata siku anaposhukiwa tu kuwa nayo, na kuhakikisha hapotei njiani.

Kupotea ni rahisi, ndugu yangu. Malaria ina kipimo kimoja na dawa ya siku tatu. Saratani ina daktari wa kwanza, barua ya rufaa, kinyama, maabara, picha, daktari wa upasuaji, daktari wa dripu, daktari wa mionzi, duka la dawa, bima, na kliniki ya kurudi kwa miaka. Kila mmoja kati ya hao anaifanya kazi yake na kumaliza. Lakini kati ya mmoja na mwingine pana nafasi, na mgonjwa wetu anadondokea hapo. Hadondoki mikononi mwa daktari. Anadondokea kwenye korido, kituo cha daladala, au nyumbani akisubiri simu isiyokuja.

Nesi mwongozaji anazisimamia hizo nafasi. Anafuatilia majibu na kuyafikisha. Anayaeleza kwa Kiswahili ambacho mama wa kijijini anakielewa. Akikuta mgonjwa ameruka tarehe, anampigia kumuuliza kulikoni, bila kumgombeza. Anauliza mambo ambayo daktari mwenye wagonjwa sitini nje hana nafasi ya kuyauliza: Umekula? Watoto umemwachia nani? Mume anajua? Unaogopa nini?

Na yeye ni muuguzi, si msindikizaji tu. Sisi ndugu tunamsindikiza mgonjwa, Allah atulipe, lakini mapenzi hayatufundishi hospitali. Mtoto anayempenda mama yake kuliko kitu chochote hajui kwamba homa ya nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye dripu za saratani ni dharura, kwa sababu dawa ile inashusha kinga ya mwili. Atampa panadol na kumfunika shuka. Nesi akimfundisha mapema, anamwokoa mama kwa simu moja ya usiku.

WALIOANZA, NA WALICHOKIPATA

Kazi hii kwa mpangilio wake wa leo ilianza mwaka 1990 mtaa wa Harlem, jijini New York. Ni Harlem hiyo hiyo alikohubiri al-Hajj Malik el-Shabazz, yaani Malcolm X. Mwanzilishi ni daktari wa upasuaji, Mmarekani mweusi, aitwaye Harold Freeman.

Dkt. Freeman alifika hospitali ya Harlem mwaka 1967, akakuta wanawake wengi wanaletwa wakati ugonjwa umeshasambaa. Ziliangaliwa rekodi za wagonjwa 606 wa saratani ya titi waliopita pale katika miaka 22 hadi 1986. Karibu nusu yao walifika katika hatua ya tatu au ya nne. Waliofika katika hatua ya kwanza walikuwa 6 tu katika kila 100. Na waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa 39 katika kila 100.

Zingatia jambo hili: hospitali ilikuwa mtaani kwao, katika nchi tajiri. Hawakukosa jengo. Walikosa fedha, bima na maelezo, na walikosa mtu wa kuwaambia "njoo huku, usiogope, hatua inayofuata ni hii."

Mwaka 1989, akiwa rais wa Chama cha Saratani cha Marekani, aliwasikiliza maskini wenye saratani wakieleza wenyewe yaliyowapata. Mwaka uliofuata akaanza. Wanawake wakapata uchunguzi wa titi bure au kwa bei nafuu, na kila aliyekutwa na dalili akapewa mtu wa kutembea naye mpaka mwisho. Wagonjwa wa titi waliotibiwa hapo kati ya 1995 na 2000 walipoangaliwa, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa 70 katika kila 100. Kutoka 39 hadi 70! Na waliokuja mapema kabisa walifika 41 katika kila 100.

Nisizidishe chumvi: uchunguzi wa bei nafuu na uongozaji vilikwenda pamoja, havitenganishiki. Ila mafunzo yake yako wazi. Waongozaji wa mwanzo walikuwa watu wa kawaida wa mtaa ule. Baadaye hospitali nyingi zikawaweka wauguzi, kwa sababu kuna maswali ambayo jirani hawezi kuyajibu. Mwaka 2005 Marekani ikatunga sheria ya kuusaidia mpango huu.

KABLA YA HARLEM KULIKUWA NA MADINA

Sasa usije ukadhani nakuletea mambo ya wageni. Rudi nami Madina, mwaka wa 5 Hijria, Vita vya Handaki.

Swahaba mtukufu Saad bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale wa mkononi, mshipa ukakatika. Mtume (s.a.w.) aliagiza apigiwe hema. Wapi? Ndani ya msikiti! Ili awe karibu naye, aweze kumtembelea. Na wanahistoria wa Sira wametutajia mwenye hema lile: mwanamke wa kabila la Aslam, jina lake Rufaida, aliyekuwa akiwatibu majeruhi na kujitolea kuwahudumia Waislamu wasio na mtu wa kuwaangalia.

Tafakari. Muuguzi wa kwanza anayetajwa katika historia yetu alikuwa na kituo chake msikitini. Leo msikiti gani kati ya misikiti yetu una hata namba ya simu ya nesi mmoja imebandikwa ukutani? Tuna matangazo ya safari za Umra, tuna ratiba za darsa na michango ya zulia. Hema la Rufaida tumelikunja zamani.

Tazama pia waliokuja baadaye. Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo mwaka 1284 akaiwekea wakfu, ikatibu maskini na tajiri, mwanamume na mwanamke, bila malipo. Wakfu ulikuwa unamlisha mgonjwa na kumlipa mhudumu. Kwa hiyo kumlipa mtu ili amhudumie mgonjwa kutoka mali ya waumini si jambo geni kwetu. Ni jambo tuliloliacha.

Na imepokewa katika hadithi aliyoipokea Tabarani, ambayo baadhi ya wanachuoni wameipa daraja ya hasan, kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa kutembea pamoja na ndugu yake katika haja yake anakupenda zaidi kuliko kukaa itikafu msikitini mwezi mzima. Kutembea pamoja naye! Kazi ya nesi huyu ndiyo hiyo: anatembea na mja wa Allah katika haja yake iliyo nzito kuliko zote.

PALE NESI ANAPOMHITAJI SHEHE

Sasa nije kwenu, maimamu wenzangu, walimu wa madrasa, mama zangu viongozi wa vikundi vya akina mama. Kuna mahali ambapo nesi, hata awe hodari vipi, hawezi kuvuka bila sisi.

Kwanza, pale mgonjwa anapochagua kati ya kisomo na hospitali. Nani amesema achague? Mtume wetu (s.a.w.) alisoma ruqya na akatuamrisha tujitibu, na akatufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, isipokuwa uzee. Aliyeuliza kama amfunge ngamia au amwache na kutawakali aliambiwa amfunge kisha atawakali. Shehe anayemwambia mgonjwa wa saratani aache dripu kwa sababu "ni jini tu" abebe dhima yake mbele ya Allah. Na wewe unayetumia habasoda, mwarobaini au dawa nyingine ya majani, mwambie nesi wako. Usimfiche. Baadhi ya dawa hizo zinagongana na dawa za hospitali, na yeye hawezi kukulinda na asichokijua.

Pili, stara. Mama zetu wengi wanachelewa kwa sababu ya haya. Saratani ya shingo ya kizazi na ya titi zinagusa sehemu ambazo mwanamke wa Kiislamu amelelewa kuzisitiri. Haya ni katika imani. Lakini wanachuoni wetu wameweka wazi kwamba dharura inaruhusu tabibu kuangalia kiasi kinachohitajika, na mwanamke akipatikana ndiye atangulizwe. Nesi mwongozaji wa kike anaweza kuulizia zamu ya daktari wa kike, na asipopatikana anaweza kusimama pale pale pembeni ya kitanda ili mama asiwe peke yake. Mwanamume mwenzangu, kumzuia mkeo kwa jina la wivu mpaka titi litoe usaha si ghera. Ni dhuluma.

Tatu, Ramadhani. Wapo wagonjwa wanaofunga kwa siri huku wako kwenye dripu. Wanaishiwa maji na kuanguka, na nesi anabaki kuuliza kulikoni. Mgonjwa anaogopa kusema, kwa kuwa anadhani kula ni kumuasi Allah. Hapa neno la nesi halitoshi, linahitajika neno la shehe: mgonjwa ana ruhusa ya wazi ya kula. Akitarajiwa kupona atalipa siku zake, na kama hatarajiwi kupona atalisha maskini kwa kila siku. Na akiambiwa na tabibu muaminifu kwamba funga itamdhuru, asijidhuru. Vivyo hivyo swala: ataswali ameketi au amelala, atatayamamu ikiwa maji yanamdhuru. Maswali haya nesi anaulizwa kila siku. Mpe namba yako ya simu.

Nne, na hili ni zito: kuficha. Ndugu wanamwambia daktari, "Usimwambie mama, atakufa kwa presha." Nia ni huruma. Lakini fikiri. Mama ana deni la watu hajalilipa. Ana amana ya jirani. Ana dada yake waliyegombana miaka saba. Ana siku za funga hajazilipa. Mkimficha, mnamfungia mlango wa kujitayarisha kukutana na Mola wake. Nesi aliyefunzwa anajua kumsoma mgonjwa: anajua nini tayari, anataka kujua kiasi gani, na nani akae naye akiambiwa. Anaukaa upande wa familia pia, maana nayo ina hofu yake. Shehe akishirikiana na nesi hapo, habari nzito inakuja na faraja yake. Yule mama wa madrasa aliambiwa hivyo. Alilia siku mbili, siku ya tatu akaomba daftari aandike anadaiwa na nani.

Tano, maumivu. Wapo wanaokataa morfini ya maji kwa kudhani ni ulevi. Dawa iliyopangwa na daktari kwa kipimo ili kuondoa maumivu makali si ulevi wa starehe, na wanachuoni wameiruhusu kwa haja hiyo. Mgonjwa asiyelala kwa maumivu hata kumtaja Allah inamwia tabu. Kumpunguzia maumivu ni kumsaidia kwenye ibada yake.

"LAKINI SHEHE..."

Najua yatakayoandikwa chini ya somo hili, acha niyajibu.

"Lakini Shehe, hii si kazi ya serikali?" Ni kazi ya serikali, ndiyo. Na mimi natoa rai yangu wazi: kila hospitali inayotibu saratani iwe na nesi aliyepewa kazi hii peke yake, kwenye karatasi, akiwa na simu na vocha ya kazi. Mgonjwa kufuatiliwa kusitegemee kuwepo kwa nesi mmoja mwenye huruma kuliko wenzake. Huruma inahamishwa kituo, inaugua, inastaafu. Nafasi ya kazi inabaki. Lakini faradhi ya kutosheleza tunaijua: wakiifanya baadhi, dhambi imewaondokea wote, wasipoifanya tunaulizwa sote. Angalia hapa Tanzania. Ukiacha Ocean Road ya Dar es Salaam, ambayo ni ya serikali, wagonjwa wengi wa saratani wanatibiwa Bugando Mwanza na KCMC Moshi, na nyuma ya hospitali hizo mbili kuna mkono wa makanisa. Wamewatibu mama zetu bila kuwauliza dini. Tuwashukuru, maana asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Halafu tujiulize sisi wakfu wetu uko wapi.

"Lakini Shehe, kifo kimeandikwa." Kimeandikwa. Omar bin Khattab (r.a.) alipogeuza safari ya Sham kwa sababu ya tauni aliulizwa kama anakimbia kadari ya Allah, akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Nesi anayekupigia simu asubuhi kukukumbusha kliniki naye ni kadari ya Allah. Mbona hiyo unaikataa?

"Lakini Shehe, sisi tunachanga." Kweli tunachanga, na nyingi ya michango yetu inakuja kwenye sanda, usafiri wa jeneza na pilau ya hitma. Mgonjwa wa mionzi anayetoka mkoani anahitaji kukaa mjini wiki kadhaa, anatibiwa siku tano za kila wiki. Wengine wanakatisha si kwa kukosa tiba, ila kwa kukosa pa kulala na nauli ya daladala. Akishakufa, mtaa mzima unakodi basi kwenda kumzika. Subhanallah! Nauli hiyo tungempa akiwa hai.

TUFANYE NINI?

Sitaki somo liishie kwenye "maashaallah" na vidole gumba. Mambo manne tu, yanawezekana hata kwenye msikiti wa mabati.

Moja: kila imamu na kila anayesomea watu awe na swali la kwanza kabla ya kufungua kinywa: "Umekwenda hospitali? Walisemaje? Majibu yako wapi?" Kama hajaenda, msomee na uhakikishe anaondoka akijua siku atakayokwenda na mtu atakayekwenda naye.

Mbili: msikiti uchague watu wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, wawe kiungo na nesi wa hospitali ya karibu. Wao wasitafsiri majibu wala kushauri dawa. Kazi yao ni nauli, mahali pa kulala, kumtafuta aliyepotea, kukaa na watoto siku ya kliniki. Nesi anaongoza, wao wanatembea.

Tatu: siri. Habari ya mgonjwa ni amana. Usitangaze kwenye spika ya msikiti kwamba mama fulani ana saratani ya kizazi ili achangiwe, ila kwa idhini yake. Mama mmoja akidhalilishwa hivyo, kumi wengine watajificha na uvimbe wao.

Nne: sehemu ya sadaka ya Ijumaa iwe ya wagonjwa walio hai. Na katika mtu anayestahiki zaka, mgonjwa fukara aliyeuza kila kitu kwa ajili ya matibabu hana haja ya kuleta ushahidi mwingine.

Na wewe nesi unayesoma haya, dada yangu, kaka yangu: wengi tumekuja kwenu na malalamiko tu. Leo napenda ujue kwamba ile simu uliyopiga kwa vocha yako, ile karatasi uliyoichora, ule mkono uliomshika mama wa watu akiwa juu ya kitanda cha uchunguzi, havikupotea. Sahihisha nia yako tu, umkusudie Allah. Umeshika kazi ya Rufaida.

Mimi tangu siku ile namba ya yule nesi ninayo. Nimempelekea watu, sikuwahesabu. Wengine uvimbe wao haukuwa saratani kabisa, wakarudi wakicheka. Wengine walikuwa nao, lakini walikwenda mapema. Na kila nikimsomea mgonjwa, namkumbuka mama wa madrasa, na lile swali ambalo sikumuuliza.

Allahumma, Wewe ndiye Mponyaji, hakuna uponyaji ila wako. Waponye wagonjwa wetu wa saratani majumbani, mawodini na njiani. Wape subira wake, waume na watoto wanaowauguza. Watie nguvu wauguzi na madaktari, uwajaalie wasichoke na huruma. Wasamehe waliotangulia, na utusamehe sisi tuliowachelewesha kwa kutojua na kwa kutouliza. Aamin ya Rabbal aalamin.

Ukiona somo lina faida, mfikishie mwingine kwa nia ya sadaqa. Na kama kuna mama nyumbani anauficha uvimbe, usimtumie maandishi haya. Nenda ukakae naye, kisha utembee naye.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.